Usikubali Bandari ya Sydney Ikunyang'anye Picha

Tatizo la Jumba la Sanaa la New South Wales ni uzuri wa mahali lilipo. Limekaa juu ya kilima cha The Domain, eneo la wazi la umma mjini Sydney. Upande mmoja ipo Bustani ya Kifalme ya Mimea, chini yake ghuba ya Woolloomooloo, na manowari za jeshi la majini la Australia zimefungwa gatini mbele ya macho ya kila anayesogea dirishani. Tangu jengo la pili lilipofunguliwa tarehe 3 Desemba 2022, madirisha hayo yamekuwa makubwa kuliko picha yoyote iliyotundikwa humo. Mgeni anaingia, kioo kinamvuta, anapiga picha maji, anateremka kwa ngazi za umeme, anakunywa kahawa, anatoka. Ameona bandari ambayo angeiona akiwa nje bila kuvuka mlango wowote.

Tusimlaumu mgeni. Jengo lenyewe limemwelekeza huko. Kampuni ya usanifu ya Tokyo iitwayo SANAA, ya Kazuyo Sejima na Ryue Nishizawa, ilibuni kumbi zinazoteremka kwa hatua kufuata mteremko wa ardhi kuelekea majini, zikiwa na kioo, chokaa-mawe na kuta ndefu za udongo ulioshindiliwa. Mradi uligharimu dola milioni 344 za Australia. Dola milioni 244 zilitoka serikali ya jimbo na nyingine kwa wafadhili binafsi. Ukisimama katikati ya ukumbi mkuu mchana wa jua utaelewa kwa nini wasanifu wenzao walisifu, na utaelewa pia kwa nini Paul Keating, waziri mkuu wa zamani, aliupinga mradi hadharani tangu mwaka 2015 akidai kwamba ulihusu kumbi za hafla zaidi ya sanaa, tena kwenye ardhi ya umma.

Keating alikuwa sahihi nusu. Sehemu kubwa ya jengo imekaa juu ya daraja pana linalofunika barabara kuu na juu ya matangi ya zamani ya mafuta, kwa hiyo hoja ya ardhi haikuwa nzito kama ilivyosikika. Hoja ya kumbi za hafla ndiyo yenye uzito. Nafasi nyingi zilizo wazi katika jengo jipya hazina ukuta wa kutundikia kitu. Sababu ni ya kifizikia: Sydney iko nusu ya kusini ya dunia, jua linapita kaskazini, na bandari iko kaskazini. Kioo kinachotazama maji kinatazama jua pia. Mchoro wa karatasi au wa rangi za maji kwa kawaida hauruhusiwi mwanga unaozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Rangi za mafuta huvumilia luksi 150 hadi 200 hivi. Mchana wa kiangazi, mwanga ulio karibu na dirisha huzidi hapo mara nyingi sana. Kwa hiyo picha zimerudishwa ndani kwenye vyumba vilivyofungwa, na pembezoni vikabaki sanamu, kahawa na mandhari.

Hata hivyo mradi huu ulizaa jambo moja lenye thamani kuliko kioo chote hicho, nalo ni kuhamishwa kwa Yiribana. Huu ni ukumbi wa sanaa ya wenyeji wa asili, Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait. Ulipofunguliwa mwaka 1994 ulipewa ghorofa ya chini kabisa ya jengo la zamani. Aliyetaka kuufikia alipita kwanza kwenye michoro ya Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria, kisha mandhari za walowezi, kisha akateremka na kuteremka tena. Wengi walichoka kabla ya kufika. Leo Yiribana iko ghorofa ya kuingilia ya jengo jipya, hatua chache tu kutoka mlangoni. Jumba lililoanzishwa mwaka 1871 na wapenzi wa sanaa ya Ulaya sasa linaanza hadithi yake na watu waliokuwepo kabla yake. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi halisi ya milioni zile.

Lakini kuwa karibu na mlango ni mtego pia. Mtu akishaingia macho yake yanakimbilia mwangaza ulio mbele, na Yiribana inapitwa kama chumba cha mapokezi. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ni wa mpangilio: kabla hujakaribia kioo chochote, ingia Yiribana na ukae humo dakika arobaini. Akili bado ni mpya. Baada ya saa moja na nusu ya kutazama picha, watu wengi wanaendelea kutembea huku wameshaacha kuona.

Humo itafute kazi ya Lorraine Connelly-Northey iitwayo Narrbong-galang. Ukiwa mbali unaona mikoba mikubwa ya kubebea, ya aina ambayo kwa jadi husukwa kwa nyuzi za mimea, imepangwa ukutani. Sogea. Si nyuzi hata kidogo. Ni mabati yenye kutu, nyaya na vyuma chakavu, mabaki ya mashamba ya walowezi yaliyotupwa, vimekunjwa na kufungwa vikawa na umbo la kitu kilichosukwa kwa mkono. Tazama kingo: bati halikulainishwa, linakata. Mkoba wa kubebea chakula au mtoto umetengenezwa kwa taka za shamba lililochukua ardhi ya wenye mkoba. Maelezo ya ukutani yatakwambia nyenzo, lakini ukali wa kingo hauonekani kwenye picha ya simu.

Ukiwa na hamu ya kujua ilichukua muda gani kwa sanaa ya namna hii kukubaliwa, ulizia nguzo za Pukumani, nguzo za makaburini za Watiwi, wenyeji wa visiwa vya kaskazini mwa Australia. Ziko 17, za mti mgumu uliochongwa na kupakwa rangi za udongo, kazi ya wasanii wa Snake Bay katika kisiwa chao cha Melville. Ziliagizwa mwaka 1958 kwa juhudi za Tony Tuckson, naibu mkurugenzi wa jumba ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji, pamoja na daktari Stuart Scougall aliyegharimia. Jumba la sanaa kuagiza kazi moja kwa moja kwa wasanii wa asili, na kuziita sanaa badala ya kuzipeleka makumbusho ya mila, lilikuwa jambo la kushtua wakati huo, na wapo waliolalamika kwamba nguzo za makaburini hazina nafasi katika nyumba ya michoro. Kabla ya kuzitafuta, angalia kwenye tovuti ya jumba. Kila kazi ina ukurasa wake unaoonyesha kama imetundikwa au iko ghalani, na iko chumba gani. Jambo hili dogo linaokoa masikitiko mengi, kwani sehemu kubwa ya mkusanyiko wa jumba lolote kubwa huwa ghalani, na michoro ya karatasi huondolewa kila baada ya miezi michache ili ipumzike na mwanga.

Baada ya Yiribana, shuka. Usisimame kati, shuka mpaka chini kabisa kwenye The Tank. Hili ni tangi la mafuta la meli za kivita, lilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, baadaye likaachwa na kusahaulika chini ya majani. Lina ukubwa wa mita za mraba 2,200, na paa lake linashikiliwa na msitu wa nguzo za zege zenye kimo cha mita 7. Unaingia kwa ngazi nyeupe za mzunguko, na jicho linahitaji dakika kadhaa kuzoea giza. Wengi hawalipi dakika hizo, wanapiga picha yenye weusi mtupu, wanapanda. Simama karibu na nguzo moja, ngoja, kisha angalia madoa ya mafuta ukutani yanayoonyesha kimo cha mafuta kilikuwa wapi. Piga hatua usikilize mwangwi. Ni mrefu kiasi kwamba mazungumzo ya kawaida hayaeleweki, ndiyo maana kazi zinazofanikiwa humo ni zile zinazotumia sauti au mwanga kwa hesabu. Adrián Villar Rojas ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza mwaka 2022, akaweka sanamu zilizoonekana na kupotea kwa taa zinazotembea. Baadaye zikafuata kazi za Louise Bourgeois. Kumbuka kwamba kati ya onyesho na onyesho Tank hufungwa kwa wiki kadhaa. Ukienda bila kuuliza unaweza kukuta mlango umefungwa, na ndicho chumba ambacho huwezi kukipata katika jumba jingine lolote la mji huo.

Sasa toka nje uende jengo la zamani. Majengo yote mawili yako barabara moja, na ramani za jumba huyaita kwa majina yaliyotolewa mwaka 2024: la zamani ni Naala Nura, jipya ni Naala Badu. Ukikubaliana na mtu mkutane mlangoni, mtaje jengo, la sivyo kila mmoja atasimama kwenye ngazi zake akimpigia mwenzake simu. Unapotoka la kwanza kwenda la pili unapita nje, hivyo siku ya mvua usiache koti pamoja na mkoba. Kuhusu mkoba: ule mkubwa wa mgongoni na mwavuli mrefu huachwa mahali pa kuhifadhia mizigo. Wenye mikoba huwa hawaijui nafasi wanayoichukua wakigeuka, na turubai ni kitambaa tu kilichovutwa kwenye mbao. Pigo dogo kutoka nyuma hutosha kuipasua rangi, na ufa unaweza kujitokeza miaka baadaye.

Uso wa Naala Nura, kazi ya msanifu Walter Liberty Vernon, ni wa mawe ya mchanga na nguzo za mtindo wa Kigiriki. Juu yake yamebandikwa majina ya shaba ya akina Michelangelo, Raphael na Titian. Ni kama ubao wa hoteli unaotaja vyakula ambavyo jiko halijawahi kuvipika. Ukiyaona, usiingie ukitarajia kukutana na michoro yao. Nguvu ya jumba hili kwa upande wa zamani iko kwa Waaustralia wenyewe na Waingereza wa karne ya 19, na hilo si dosari. Vyumba vyake vya mwisho wa karne ile, vyenye mwanga wa paa na kuta za rangi nzito, ni mahali pazuri pa kutazama picha kuliko kumbi nyingi za jengo jipya. Ukuta uko karibu, kiti kiko katikati, na hakuna dirisha linalokuita.

Humo nenda kwa Arthur Streeton na picha yake Fire's On ya mwaka 1891. Ni turubai iliyosimama, karibu mita 1.8 kwa kimo, ya mlima mweupe kwa jua na anga la buluu iliyoiva. Simama mita mbili na nusu hivi, mahali ambapo jicho linameza picha nzima, na utaona joto tu. Kisha sogea uangalie mdomo wa handaki chini. Watu wadogo wanatoka wakibeba mwenzao aliyeuawa na mlipuko. Streeton alikuwa akichora ujenzi wa njia ya reli katika milima ya Blue Mountains, na jina la picha ni ukelele wa onyo la kabla ya baruti kulipuliwa. Msiba ameufanya mdogo kwa makusudi, mlima ukaendelea kung'aa. Wanaopita haraka huondoka wakidhani wameona mandhari.

Chumba si mbali utakuta kinyume chake, Edward Poynter na Ziara ya Malkia wa Sheba kwa Mfalme Sulemani, ya mwaka 1890, iliyonunuliwa mwaka 1892. Ina upana wa mita 3.5. Simba wa dhahabu wamepangwa ngazi kwa ngazi hadi kitini kwa mfalme, kama Biblia isemavyo, na fremu yenyewe imebuniwa kama mlango wa hekalu. Ni tamthilia, wala Poynter hakuwahi kuliona jumba la Sulemani. Hata hivyo itazame kama ushahidi wa namna London ilivyoiwazia Mashariki, na wa kile ambacho koloni changa liliona kinafaa kununuliwa kwa fedha za umma mwaka uleule ambao sanaa ya wenyeji haikuwa na hata ndoana ukutani.

Na bandari? Imo ndani, na imetazamwa vizuri kuliko simu yako itakavyoitazama. Streeton alichora Cremorne Pastoral mwaka 1895, wakati kulipokuwa na mpango wa kuchimba makaa ya mawe kwenye rasi ya Cremorne. Ukijua hilo, malisho yale matulivu yanakuwa na hoja. Grace Cossington Smith katika The Curve of the Bridge, 1928 hadi 1929, aliliona daraja la Sydney likiwa bado halijakutana katikati, akalipaka kwa miraba midogo ya rangi inayofanya chuma kionekane kinapumua. Daraja lilifunguliwa mwaka 1932, kwa hiyo hali aliyoichora haipo tena. Na Brett Whiteley katika The balcony 2 ya mwaka 1975 aliifanya bahari kuwa buluu moja pana inayojaza karibu turubai yote, boti zikiwa mikwaruzo. Zitazame hizo tatu kwanza, halafu ndipo urudi kwenye kioo cha jengo jipya. Utakuwa na cha kuuliza maji.

Kiingilio cha mkusanyiko wa kudumu ni bure, na hapa wageni hukosea kwa njia ya ajabu. Kwa kuwa hawakulipa, wanajaribu kumaliza kila kitu, kana kwamba bure itaisha jioni. Aliyelipia ndiye mwenye sababu ya kukomaa hadi saa ya kufunga. Wewe toka ukichoka, ukale chini Woolloomooloo, urudi kesho. Kinacholipiwa ni maonyesho makubwa ya muda, pamoja na Archibald.

Archibald ni tuzo ya picha za watu iliyoanza mwaka 1921, na zawadi yake sasa ni dola 100,000. Inaamuliwa na wadhamini, yaani bodi inayosimamia jumba, si jopo la wachoraji, na mchoraji anatakiwa awe amemchora mtu aliyekaa mbele yake, si picha ya gazetini. Hapo ndipo ugomvi wake mtamu unapotoka. Ushindi wa William Dobell wa mwaka 1943 ulipelekwa mahakamani na wachoraji wenzake waliodai kwamba alichora kikaragosi, si picha halisi ya mtu. Dobell alishinda kesi. Onyesho la Archibald hujaza watu, hasa wikendi za mwanzo, na mbele ya mshindi husimama umati wa safu tatu. Nenda siku ya kazi asubuhi, saa 4 milango inapofunguliwa, na anzia chumba cha mwisho kurudi nyuma. Tiketi hiyohiyo kwa kawaida hukuonyesha pia tuzo za Wynne na Sulman, ambazo watu huzipita mbio. Wynne, ya mandhari na sanamu, ni kongwe kuliko Archibald, na miaka ya karibuni wachoraji wa asili wameifanya kuwa shindano lenye uhai zaidi. Ukibaki na hamu, picha zilizokataliwa huonyeshwa katika onyesho liitwalo Salon des Refusés, kwenye S.H. Ervin Gallery, kilima cha Observatory, na kuna miaka unapotoka huko ukijiuliza wadhamini walikuwa wanatazama nini.

Kupiga picha bila mmweko kunaruhusiwa kwa sehemu kubwa ya mkusanyiko. Alama za kukataza zipo pale ambapo kazi ni ya kuazimwa. Kioo kikikurudishia uso wako, usipige kutoka mbele, hama hatua moja pembeni. Mlinzi akikuambia urudi nyuma, rudi bila kununa. Juni 2007 mchoro mdogo wa Frans van Mieris, Mholanzi wa karne ya 17, wenye ukubwa wa takriban sentimita 20 kwa 16, uliibwa humo wageni wakiwa ndani, na haujapatikana. Kitu cha thamani ya zaidi ya dola milioni moja kiliweza kukaa ndani ya koti.

Jumba hufunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni kila siku, isipokuwa Ijumaa Kuu na Krismasi, na Jumatano huendelea hadi saa 4 usiku, kukiwa na mazungumzo na muziki. Jumatano jioni ndiyo saa bora kwa jengo la zamani, kwani vikundi vya wanafunzi vimeondoka na waliobaki wengi wamefuata muziki. Ziara za kuongozwa na wajitolea ni za bure. Ichukue ile ya mkusanyiko wa Australia kama una saa moja tu.

Kufika kutoka Circular Quay, kwenye gati la feri, njia nzuri ni ya miguu kupitia bustani, dakika 20 hadi 25. Lakini saa ya kufunga mageti ya bustani hufuata majira, kuanzia saa 11 jioni wakati wa baridi hadi saa 2 usiku wakati wa kiangazi, na Jumatano usiku kuna wanaokwenda hadi getini wakakuta kufuli. Usiku fuata Art Gallery Road kuvuka The Domain, ambayo haifungwi, hadi kanisa kuu la St Mary's. Kituo cha treni cha St James kiko ng'ambo tu, pembeni mwa Hyde Park.